Shingo, Mgongo, Miguu: Uainishaji Mpya wa Sanaa Makanisani

Wataalamu wamezoea kuainisha sanaa kwa karne, kwa malighafi au kwa bei. Njia hizo hazifai Venice, ambako maonyesho ya Biennale hufurika hadi makanisani. Humo kipimo cha kuaminika ni kimoja tu: kazi inamsumbua mtazamaji kiungo gani?

Kundi la kwanza: Shingo. Kielelezo ni *Ascension* ya Anish Kapoor, 2011, katika kanisa la San Giorgio Maggiore lililobuniwa na Palladio. Chini ya kuba, moshi mweupe ulivutwa kwenda juu, na watu wakainua nyuso kuufuata. Kanisa lenyewe halikushtuka. Kwa mambo ya moshi, ubani ulishatangulia.

Kundi la pili: Mgongo. Hapa tunaweka *S.A.C.R.E.D.* ya Ai Weiwei, 2013, katika kanisa la Sant'Antonin: masanduku sita ya chuma yenye matundu madogo. Ukichungulia unakuta sanamu ya msanii mwenyewe anakula, anaoga, amelala, hata yuko msalani, na askari wawili hawambanduki. Ndivyo alivyoishi siku 81 alizozuiliwa China mwaka 2011. Tundu lile halikuonyeshi kitu mpaka uiname. Na kumwinamisha mtu mbele ya mateso ya mwenzake ni kazi ambayo makanisa yana uzoefu nayo.

Kundi la tatu: Miguu. Kundi hili ni adimu, na kielelezo chake hakikudumu. Mwaka 2015 Christoph Büchel, kwa niaba ya Iceland, aliligeuza kanisa la Santa Maria della Misericordia, lililokuwa halisaliwi kwa miongo kadhaa, kuwa msikiti wenye mihrabu na mazulia. Mji mkongwe wa Venice haukuwa na msikiti. Basi Waislamu walikuja, wakavua viatu, wakaswali. Baada ya wiki mbili mamlaka zilipafunga, zikitaja masharti ya kibali na wingi wa watu.

Kanuni. Mtazamaji anaruhusiwa kufanana na mwenye kusali kadiri apendavyo: atazame juu, ainame, anyamaze, hata alie kidogo. Asichoruhusiwa ni kusali. Shingo na mgongo vinahesabiwa kuwa utamaduni, na utamaduni una bajeti. Miguu mitupu inahesabiwa kuwa ibada, na ibada, hata ndani ya kanisa, ina kibali chake.