Hendeli ya Shilingi 350

Mimi ni mtu wa Rongai, na kabla hujaniuliza, hapana, si ile ya matatu zenye muziki wa kupasua kifua. Ile ni Ongata Rongai, iko Kajiado, pembeni mwa Nairobi. Yetu iko Nakuru, ng'ambo ya Menengai, katikati ya mahindi, mkonge na vumbi. Stesheni ya reli tulipata tangu enzi za mkoloni, na njia ya kwenda Solai ilichepukia hapa hapa kwetu. Heshima hiyo haitusaidii hata kidogo. Ukimwambia mtu wa Nairobi unaishi Rongai, anakupa pole ya foleni ya jioni.

Nayataja haya kwa sababu hasara yangu ilianzia kwenye jina.

Nina pikapu ambayo ingekuwa mtu ingekuwa imeshaoza mabinti. Hendeli ya kuzungushia kioo upande wa dereva ilivunjika ikabaki mkononi mwangu, mbele ya lori pale Salgaa. Mjini Nakuru nikaambiwa hendeli ni shilingi 350. Nikakataa. Mtu aliyefundisha sayansi miaka 30 hawezi kutoa 350 kwa kipande cha plastiki kisichotosha hata kumchapia mbuzi. Hendeli ya upande wa abiria si ilikuwa nzima? Nitaitengenezea kalibu, nimimine, nipate pacha wake. Nikaagiza kutoka Nairobi silikoni ya kalibu na chupa mbili za rezini ya poliyurethani, moja A, nyingine B. Jumla shilingi 4,800. Mama watoto aliniuliza hesabu za aina hiyo nilikuwa nikifundisha shule gani.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Mzee, mzigo wako umefika Rongai. Njoo uchukue."

"Asante kijana wangu. Uko wapi hapo Rongai?"

"Hapa steji."

"Mimi pia niko steji. Mbona sikuoni?"

"Uko upande gani?"

"Niko kando ya huyu punda."

Kimya. Kisha kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mzee, huku hakuna punda."

Mzigo ulikaa kwenye Rongai isiyo yake siku nne, kisha ukasafiri karibu kilomita 200 kunifuata, na nauli ya safari hiyo ya pili nikalipa mimi. Hadi hapo hendeli yangu ilikuwa imefika shilingi 5,300 na bado haijazaliwa.

Sasa kalibu. Unachukua hendeli nzima, unailaza kwenye plastisini mpaka nusu yake ya chini izame. Plastisini niliikopa kwa mjukuu, nayo ilinunuliwa kwa ajili ya kazi zake za shule za mtaala huu mpya unaotufanya sisi wazee tuokote vijiti na magunzi usiku. Kisanduku kilikuwa kikopo cha majarini. Unamimina silikoni, inaganda kwa siku moja, unageuza, unatoa plastisini, unamimina nusu ya pili. Rahisi. Ila silikoni ina tabia moja: karibu haishiki kitu chochote hapa duniani isipokuwa silikoni mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kumimina nusu ya pili lazima upake ile ya kwanza mafuta ya mgando, hata hayo ya kujipaka mwilini, la sivyo zitaungana ziwe mwili mmoja kama walivyoahidi kanisani.

Nilisahau kupaka.

Asubuhi nilikuwa na bonge moja laini, linalotikisika kama ini la ng'ombe, na ndani yake hendeli yangu ya pekee iliyobaki. Pikapu sasa haikuwa na hendeli upande wowote. Nikalipasua bonge kwa kisu cha jikoni, mkono ukitetemeka, mkato ukaenda kombokombo. Baadaye nikajua kwamba mafundi wenyewe hukata hivyo kwa makusudi, ili vipande viingiane bila kuteleza. Kwa hiyo hapo nilikuwa fundi bila kujijua. Na lazima nikiri, kalibu ilitoka ya ajabu. Silikoni haifichi siri. Mjukuu aliwahi kukwaruza herufi K kwenye hendeli ile kwa msumari. Herufi ilikuwemo, na ndani ya mkwaruzo hata vijipindo vya msumari ulipoteleza vilionekana. Niliishika juani kama mtu anayekagua noti ya elfu.

Ikabaki rezini, na hapa ndipo niliposhikana mashati na kemia.

A na B zinachanganywa nusu kwa nusu. Nilipima kwa sirinji mbili za agroveti, zile za kuchomea ng'ombe, moja ya A na moja ya B, zisipokezane. Zikishakutana, una dakika tatu. Dakika tatu! Hapa kwetu nimengojea matatu ya Nakuru ijae kwa saa nzima. Mahindi yangu yamengojea bei kuanzia Novemba. Mvua hungojewa, malipo hungojewa, hata maiti hungojea shemeji afike kutoka Eldoret. Halafu nakutana na kitu cha chupa kinachoniambia nina dakika tatu za kukoroga, kumimina na kutubu.

Nilifanyia kazi kwenye stoo ya mahindi, mlango wazi kwa sababu ya mvuke wake, maana chupa A ina isosayaneti na mapafu hayaipendi kabisa. Nje masika yanamwagika. Kifaa cha kukorogea sikuwa nimeandaa. Mama watoto alikuwa ametoka kuosha mwiko, nikauchukua.

Sekunde 30 za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kikombe kikaanza kupata joto, kikawa kama cha chai. Kisha ule mchanganyiko ukaanza kuvimba. Ukajaa kikombe, ukachungulia ukingoni, ukapanda, ukatengeneza kofia kama mandazi yaliyotiwa hamira na mtu mwenye hasira, ukamwagikia magunia. Nilipotaka kuchomoa mwiko, ulikuwa umeshagandia humo, umesimama wima kama bendera ya chifu.

Kosa ni maji. Isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi ikinaswa kwenye kitu kinachoganda, matokeo ni povu. Mwiko ni mti, na mti hata ukiufuta unaweka unyevu ndani. Wangu ulikuwa bado unadondoka. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayapokelewi kwenye maghala ya serikali, unarudishwa nyumbani ukayaanike. Hii rezini ni karani mkali zaidi: tone moja tu, na haikurudishi nyumbani, inakuaibisha hapo hapo.

Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba hata wenye kitu walianza hivyo. Poliyurethani iligunduliwa mwaka 1937 kule Leverkusen, Ujerumani, na Otto Bayer na wenzake. Maji yakaingia kwa bahati mbaya, wakapata vipande vyenye matundu, wakavibeza kuwa jibini bandia. Jibini hilo ndilo leo tunalolalia: godoro la sponji ni poliyurethani iliyovimba. Yaani mimi nilitaka hendeli nikapata mto.

Mama watoto hakuvutiwa na habari za Ujerumani. Aliushika ule mwiko wenye kichwa cha povu, akausoma juu chini, akasema, "Baba watoto, ndiyo maana kuna vitu vinaitwa mwiko."

Mara ya pili nilikoroga kwa sindano ya chuma ya kufumia sweta, iliyofutwa na kuanikwa. Povu halikutokea. Majimaji ya rangi ya mafuta ya kupikia yaligeuka meupe kama jino mbele ya macho yangu, nikapiga makofi peke yangu. Baada ya nusu saa nikafungua kalibu: hendeli ndiyo hiyo, herufi K ndiyo hiyo, lakini upande wa tundu, pale penye meno ya ndani yanayoshika kile chuma cha mlangoni, palikuwa na shimo la kuingiza kunde. Hewa iliyonaswa juu haikuwa na mlango wa kutokea. Mara ya tatu nikatoboa vijia viwili vya hewa, nikamimina polepole kwa uzi mwembamba kutoka upande mmoja, nikigongagonga kikopo kwa kidole. Rezini ikaishia hapo; iliyosalia kwenye chupa A ilikuwa imeganda ukingoni kwa sababu sikuifunga vizuri, na hewa ya masika nayo ni maji.

Hendeli ya tatu ikatoka nzuri. Ukiiangalia kwa mbali. Nikaipeleka kwa makanika wetu, kijana niliyemfundisha mwenyewe darasa la sita. Akaigeuza, akaigonga na ukucha, akainusa.

"Mwalimu, hii ni sabuni ama?"

Nikamweleza habari za isosayaneti. Akanisikiliza kwa heshima ile ile aliyokuwa nayo darasa la sita, yaani akitazama nje. Kisha akaifunga mlangoni, akazungusha. Kioo kikashuka kama kimetiwa mafuta. Akazungusha kinyume. Ikasikika krr, krr, krr, hendeli ikizunguka peke yake. Kushusha kioo ni kazi ndogo, uzito wake unakusaidia; kupandisha kunataka meno, na kwenye meno yangu kulikuwa na vipovu vidogo kama mbegu za wimbi, meno yakasagika kwa mzunguko mmoja.

"Ya kununua ni 350," kijana akasema.

Ninajua ni 350! Nimejua tangu Machi!

Hali ilivyo leo ni kwamba kioo cha dereva kiko chini, masika hayajaisha, na juu ya kiti changu nimetandika gunia la mbolea. Nimeagiza chupa nyingine mbili. Jana asubuhi simu ililia, nikaambiwa mzigo uko Rongai, steji, na nilipouliza habari za punda, kijana alikata simu. Kwa hiyo msomaji, kama wewe ni wa ile Rongai nyingine na umeona katoni ndogo imeandikwa "Mwalimu", tafadhali iweke mahali pakavu, wala usimkaribishe mtu mwenye mwiko.