Shoga, Nani Kafa?

Siku ya kwanza nilipotoka kukimbia nilirudi nyumbani na waombolezaji watano.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mwananyamala. Nimevaa traksuti ya mwanangu wa kidato cha tatu, ushungi kichwani, na raba za mtumba nilizozificha chini ya kitanda wiki nzima ili baba watoto asinicheke kabla sijaanza. Nikafungua geti polepole, nikasema bismillahi, nikaondoka. Sijafika nguzo ya tatu ya umeme nikasikia kandambili nyuma yangu, pwa pwa pwa, zinanifuata. Kugeuka, jirani yangu: kanga moja kajifunga kiunoni, nyingine kajitupia kichwani, anakuja mbio na machozi yanamlengalenga.

“Shoga, nani kafa?”

Nikamwambia hajafa mtu. Hakusadiki. Nyuma yake anakuja dada muuza maandazi, kaacha karai motoni. Nyuma ya dada, mzee wa nyumba ya kona anakaza msuli kwa mkono mmoja na kumulika tochi kwa mwingine. Nyuma ya mzee, vijana wawili ambao hawakujua kuna nini, ila waliona watu wanakimbia, na mjini ukiona watu wanakimbia huulizi. Unakimbia, utauliza mbele ya safari.

Sikuwalaumu. Mtaani kwetu mwanamke mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia kuna moto, kuna mwizi au kuna msiba, na kwa kuwa hapakuwa na moshi wala kelele za mwizi, hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Ikabidi nitamke hadharani, nikihema kama mbuzi aliyeshushwa kwenye lori, kwamba nafanya mazoezi.

Kimya. Mzee akazima tochi.

“Mazoezi ya nini?”

Sababu nilikuwa nayo. Wiki mbili kabla ya hapo muuguzi alinifunga ule mkanda wa presha mkononi, akapampu, akatazama, akafungua, akafunga mkono wa pili kana kwamba wa kwanza ulikuwa unasema uongo. Akaniambia nipunguze chumvi na nitembeze mwili, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nikapiga hesabu ndani ya daladala: 150 gawa kwa saba, ishirini na moja na ushei. Nikacheka peke yangu. Nani anakosa dakika ishirini na moja kwa siku?

Mimi. Alfajiri kuna sala, kuna uji, kuna soksi ya shule ambayo kila siku hubaki moja. Mchana kuna kiti cha ofisini Posta, ambacho nimekikalia mpaka kimeshika umbo langu. Jioni kuna foleni. Nikifika nyumbani saa moja na nusu usiku, kuna mboga ya kuunga na daftari la hesabu la mtoto wa darasa la nne, na zile dakika ishirini na moja zinazobaki huwa ni za kukaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja mguuni, natafuta nguvu za kuvua cha pili.

Shuleni hatukuhitaji ari. Tulikuwa na mchakamchaka na mwalimu wa zamu. Mwalimu alikimbia nyuma kabisa na fimbo yake, na sijapata kuona mpango wa mazoezi uliofuatwa kwa uaminifu kama ule. Ukishakuwa mtu mzima hakuna anayekuja nyuma na fimbo, na lugha yenyewe haiko upande wako. Haraka haraka haina baraka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hata Mbio za Mwenge wa Uhuru, ambazo jina lake lenyewe ni mbio, Mwenge safari ndefu huenda kwa gari, na sijasikia mtu akiunyooshea kidole.

Kwa hiyo Jumanne sikutoka. Nilijiambia misuli inapumzika. Jumatano, saa kumi na moja na nusu, geti likagongwa. Jirani yangu yule yule, dira juu, suruali ya marehemu mumewe chini, kandambili zile zile.

“Toka.”

“Leo mgongo, shoga.”

“Mtaa mzima nimeshawaambia unafanya mazoezi. Sasa unataka nionekane mwongo?”

Nikatoka. Tangu siku hiyo sijui kama ninachokifanya ni mazoezi au ni kumlindia mtu heshima yake. Ana miaka hamsini na minane, anaishi na mjukuu mmoja nyumba ya sita kutoka kwetu, na hajawahi kusoma ukurasa wowote kuhusu mbio. Wajuzi wanasema ukikimbia mwendo unaofaa uweze kuongea bila kukata pumzi. Yeye anaongea. Ananisimulia harusi iliyovunjika, nani kajenga choo kwenye mpaka wa nani, bei ya dagaa, na mimi pembeni nina kichomi kimenibana chini ya mbavu, naitikia “mmh” na “ehee” kwa sababu ndizo sauti pekee ninazoweza kuzimudu. Umbea wake anaukatiza makusudi tukifika kwangu. “Mengine kesho,” anasema, na anajua vizuri sana anachokifanya.

Mwanangu, kuona mama kanogewa, akanipakulia programu ya mazoezi kwenye simu. Inahesabu hatua, inapima kasi, na ukifanya vizuri inakupongeza kwa fataki. Haikuchukua muda tukagombana. Simu yangu mimi huibana kifuani, na programu ile haijui tofauti ya kukimbia na kutikisika. Nazi mbili kwenye mbuzi: hatua mia tisa. Ugali wa watu sita: hatua mia nne na hamsini, na mkono ukibadilishwa zinaongezeka. Daladala ikipita kwenye barabara ya vumbi napata matembezi ya asubuhi nzima nikiwa nimekaa kiti cha dirishani.

Siku moja nilisahau kuizima baada ya kukimbia, nikaoga, nikapanda basi. Nilipofika Posta nikakuta fataki. Rekodi mpya! Kilomita yangu bora: dakika moja na sekunde arobaini. Nikawaonyesha wenzangu ofisini kabla sijafikiri. Kijana wa stoo, mpenzi wa riadha, akanitazama kwa huruma. Akaniambia Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu yetu ya kwanza ya ubingwa wa dunia, kule Tokyo Septemba 2025, alimaliza marathon kwa saa 2:09:48. Tukagawa kwa kilomita 42 na ushei, ikaja kama dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita. “Kwa hiyo mama,” akasema, “Simbu unamwacha karibu mara mbili.” Simbu mwenyewe alimshinda wa pili kwa sekunde 0.03. Mimi kwa muda huo sijafumbua hata jicho la kushoto. Mpaka leo nikikatiza korido ya ofisi wananiita Tokyo.

Mwezi wa pili ugoko ukaanza kuuma. Maumivu yenyewe ni ya mbele ya mguu, yanaanza kama mtu anakugonga na kijiko, yanaishia kama amechukua mwiko. Nikajipa moyo kwa John Stephen Akhwari, Mexico City 1968, aliyeingia uwanjani na goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akamaliza. Jirani yangu akanikumbusha kwamba Akhwari aliumia kwenye marathon ya Olimpiki, na mimi nimeumia kwa kurukia mtaro pale kwenye duka la mkaa. Akaniacha nichechemee.

Mpwa wangu anayenoa timu ya mtaa ndiye aliyenishauri mazoezi mseto. Alinieleza kitu kimoja ambacho nilikipenda: moyo haujui kama unakimbia, unaogelea au unaendesha baiskeli, unachojua ni kusukuma damu. Ugoko ndio unaojua. Kwa hiyo unaupumzisha ugoko na kuudanganya moyo. Tukaandika ratiba, tukaibandika kwenye friji. Jumatano kamba, Jumapili baiskeli, Jumamosi kuogelea.

Kamba iliisha siku ile ile ya kwanza. Sebule yetu ina feni ya dari, na feni ilikuwa inazunguka.

Baiskeli iliisha ya pili. Nisingeweza kuwapita wazee pale barazani nimevaa suruali peke yake, nikavaa dira juu, na mnyororo ukaanza kulitafuna dira pembe moja, taratibu, kama mbuzi aliyepata gazeti, hadi nikawa nimeinama kwenye usukani siwezi kushuka wala kwenda. Fundi baiskeli alilitoa jino kwa jino akirudisha pedeli nyuma, na muda wote huo mimi nimesimama nimeshikamana na baiskeli, nawaitikia salamu wapita njia. Wazee wa barazani wote walikuja kutoa ushauri. Hiyo heshima niliyokuwa naihifadhi sijui iliishia wapi.

Bahari ndiyo niliyoipenda. Jumamosi ya kwanza nilimaliza kufua, nikapanda bajaji mpaka Coco Beach, saa nne asubuhi. Maji yamejaa, yametulia, rangi ya kijani. Niliingia na nguo zangu zote kama walivyokuwa wakiingia bibi zetu, nikaogelea sambamba na ufukwe, nikarudi nyumbani naimba. Ofisini nikawatangazia kwamba nimepata mchezo wangu. Baba watoto akaninunulia miwani ya kuogelea.

Jumamosi ya pili, saa nne kamili, nimefika na miwani yangu usoni, na bahari haipo.

Haipo kabisa. Palipokuwa na maji kuna mwamba, madimbwi na kina mama wawili wanachokoa pweza na vyuma vyao. Maji nayaona kwa mbali, mstari mweupe wa mawimbi yakipiga kingo za mwamba. Nikajiambia basi nitayafuata. Nikatembea. Mawe yanachoma, madimbwi yanateleza, miwani inaniletea ukungu. Baada ya kama dakika kumi nikafika maji ya kifundo cha mguu, nikaendelea, yakawa ya kifundo cha mguu. Mama mmoja akainua kichwa, akanitazama kuanzia miwani hadi miguu.

“Mwanangu, leo bamvua. Kwani hukutazama mwezi?”

Mimi mzaliwa wa pwani, babu yangu alikuwa na ngalawa, ndiyo nafundishwa hili nikiwa na miwani ya plastiki usoni. Maji kujaa na kupwa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Zidisha kwa saba, unapata kama saa sita. Maana yake, saa ambayo Jumamosi hii maji yamejaa, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa, na siku hiyo ikigongana na bamvua la mwezi mpevu au mwezi mwandamo, unaikuta bahari huko ilikokwenda. Nilikuwa nimeipangia bahari ratiba ya ofisi. Nikaketi kwenye mwamba nikamsaidia yule mama kushika ndoo, na kwa sababu simu niliiacha nyumbani, ule mwendo wote wa juu ya mawe haukuhesabiwa hata hatua moja. Pweza nilirudi naye lakini. Nilimpika wa nazi, hatua mia tisa.

Siku hizi ratiba ya friji imebaki na vitu viwili: mbio na jirani, bahari nikishauliza mwezi. Maji ya bomba yakikatika nabeba ndoo kutoka kisimani, na mpwa wangu amekubali, baada ya kushinikizwa, kuiandika hiyo kama mazoezi ya nguvu. Presha imeshuka kidogo. Muuguzi amepima mkono mmoja tu.

Basi juzi, hii mvua ya masika, saa kumi na moja na nusu geti halikugongwa. Nikafurahi, nikavuta shuka. Saa kumi na moja na dakika arobaini nikawa nafurahi kidogo. Kufika kumi na mbili kasoro kumi sikuwa nafurahi tena. Mtu mwenyewe ana miaka hamsini na minane. Anaishi na mjukuu tu. Tangu ile Jumatano hajawahi kukosa, hata siku jino lilipomuuma.

Sikukumbuka raba. Nilitoka na kanga, miguu mitupu, kwenye tope, nyumba sita, na kichomi hakikuja, wala ugoko sikuusikia. Nikagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

Dirisha likafunguliwa. Kashika mswaki, povu mdomoni, usingizi bado machoni. Umeme ulikatika usiku, simu yake ikazima, alamu haikulia. Akanitazama nilivyo, kanga imelowa, nahema, miguu imejaa tope hadi magotini. Mswaki ukamdondoka.

“Shoga, nani kafa?”

Kabla sijajibu nikasikia kandambili nyuma yangu, na mwanga wa tochi ukatupiga wote wawili. Mzee wa kona, kakaza msuli, mvua inamchuruzika ndevuni.

“Mazoezi?” akauliza.

“Mazoezi,” nikasema.

Akazima tochi.