Sifa za Kesho

Watu husifu ng'ombe, ngamia na maharusi, na wakati wa kampeni husifu hata wasiostahili. Mimi leo nataka kulisifu gari langu, na heri niseme mapema kwamba halitembei.

Ninapoandika haya limekaa chini ya mgunga hapa Leparua, bonneti wazi kama mdomo wa kiboko, gurudumu moja la nyuma limeinuliwa kwa jiwe, na kwenye kiti cha katikati kuku analalia mayai tisa. Kuku huyu si mjinga. Alizunguka boma zima, akakagua jikoni, akakagua ghala, kisha akaamua kwamba hapa kwetu hakuna mahali patulivu kama ndani ya gari la mwalimu.

Gari linaitwa Kesho. Jina hilo lilitoka kwa majirani, baada ya kunisikia mwaka mzima nikijibu swali moja kwa neno moja. Limetuharibia lugha kidogo. "Kesho iko wapi?" "Kesho ilikwama jana." "Na leo?" "Leo hakuna Kesho." Mgeni mmoja aliyekuwa akinywa soda dukani alisikiliza mazungumzo hayo mpaka mwisho, akalipa, akaondoka kimyakimya kwa heshima kubwa. Nadhani alituchukulia kuwa watu wa hekima.

Usiniulize limetoka kiwanda gani. Chasisi ni ya Kiingereza na ilizaliwa kabla yangu. Injini ni ya dizeli, ya Kijapani, lita 2.8, iliyokuwa ikivuta matatu mpaka matatu yenyewe ikalala ubavu. Giaboksi ilikuja na injini kama mke anavyokuja na dada zake. Milango ni ya gari la tatu, na mmoja ni wa buluu. Kati ya giaboksi ya Kijapani na gia za Kiingereza za kugawa nguvu mbele na nyuma kuna bamba nene la chuma, fundi alilikata kwa mkono na kulitoboa kwa kukadiria. Kwa hiyo hakuna kampuni duniani ninayoweza kuilaumu. Kila moja ilifanya kazi yake vizuri. Ni fundi na mimi tuliowaozesha watoto wao bila kubisha hodi.

Lakini ukoo wake una heshima. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Yaani ufukara ndio ulioipa lile umbo ambalo baadaye watu walikuja kuliita la kishujaa. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Thika. Huko Maralal zilibeba abiria na mizigo kwenda Baragoi miaka nenda miaka rudi, watu wakiwa wamekaa hadi juu ya paa. Na Oktoba 2024 wenzetu wa Arusha walikusanya zaidi ya elfu moja kwa wakati mmoja, wakitafuta rekodi ya dunia. Nilitazama picha za msafara ule kwenye simu, gari nyuma ya gari, na nikajiuliza jambo moja tu: ni wangapi kati yao waliokuja wakivutwa kwa kamba?

Sisi wa Isiolo tuna haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi lami iliishia kwetu. Kutoka hapo hadi Moyale zilikuwa karibu kilomita 500 za changarawe, vumbi na mitaro, na mji ukajaa mafundi: gari lililokuwa likienda liliingia gereji kwa woga, lililokuwa likirudi liliingia kwa majeraha. Sasa lami imefika Moyale na malori yanapita yakipiga miluzi, ila mafundi hawakuhama, maana sisi wa kando ya barabara bado tupo. Ukiiacha lami kuja Leparua unakutana na mawe yasiyojua kuwa kuna serikali ya kaunti, na laga ambazo mwaka mzima ni mchanga mkavu, kisha jioni moja zinakuwa mto.

Ni mawe hayo yaliyoanzisha yote. Tulitaka tu kuliinua gari kidogo lisijikwaruze tumbo. Fundi akaongeza majani mawili ya springi za pikapu kila upande, likasimama wima kama morani siku ya ngoma. Siku tatu nilitembea nikilitazama. Siku ya nne propela ikaanza kugonga. Gari likiinuka, propela nayo hulazimika kuteremka kwa mshazari mkali zaidi kutoka kwenye gia hadi kwenye difu, na krosi zake hazikuumbwa kwa mteremko huo. Zikaanza kufa, moja kila mwezi. Fundi akatia kabari chini ya springi ili difu iinue pua ielekee propela. Krosi zikapona. Difu ilipoinua pua, oili nayo ikaacha kuifikia vizuri beringi ya mbele, na difu ikaanza kulia kama ndama aliyeachwa zizini.

Juu ya urefu ule tairi za zamani zilionekana kama viatu vya mtoto, basi tukavalisha kubwa. Spidomita, ambayo huhesabu mizunguko na si barabara, ikawa mwongo mnyenyekevu: inasema 50 nawe unakaribia 60. Na breki, ambazo hakuna aliyezipasha habari, ziliendelea kusimamisha tairi zile za zamani. Kisha kuna pua, bomba la maji la plastiki tulilolipandisha hadi juu ya paa ili injini ivute hewa hata tukiwa katikati ya mto. Laga ikijaa, mwenye akili hukaa ukingoni, awe na pua asiwe nayo. Lakini ni bomba zuri, na watoto hupenda kupiga kelele ndani yake.

Naona msomaji anadhani nalalamika. Nasifu. Mtu aliyenunua gari jipya anajua nini? Anajua bei yake. Mimi najua kwa nini ekseli hukatika, najua ladha ya dizeli, najua kwamba tundu la tangi huzibwa kwa sabuni ya kipande na kwamba tyubu kuukuu ikikatwa utepe, ile blada, inafunga chochote kuanzia betri hadi ndoa. Chuo gani kingenifunza hayo kwa karo ya namna hii? Haya, karo ni kubwa. Mama watoto ana daftari, na amenikataza kulinukuu.

Tuseme ule ugonjwa wa kilimani. Kesho iliwaka vizuri asubuhi, ikatembea vizuri tambarare, na ilipofika katikati ya mlima wa kwanza ikafa. Ikiachwa ipumzike, inawaka. Mlima mwingine, inakufa tena. Nikapanda kilimani panaposhika mtandao nikampigia fundi mjini.

"Mwalimu, hebu nililie kama lenyewe," akasema.

Nikanguruma kwenye simu, mtu mzima, mbele ya wachungaji wawili.

"Hapo mwisho. Linazimika kama taa au kama mshumaa?"

Nikafikiri. "Kama mshumaa, fundi."

"Basi linakosa mafuta. Lingezimika kama taa ningekwambia utafute waya."

Sijawahi kusikia daktari akiuliza swali zuri kuliko hilo. Tukabadilisha chujio. Tukateremsha tangi, tukakuta ndani mchanga, mwiba na kipande cha ile sabuni. Tukalegeza nati za nozeli, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka vidole vikafanya malengelenge. Gari likawaka, likapanda nusu mlima, likafa. Wiki tatu. Kila mzee aliyepita alikuwa na dawa, mmoja akishauri tubadilishe dereva.

Aliyetuokoa ni kijana anayetibu mifugo. Alisimama akatutazama tukitoa hewa kwa mara ya arobaini, akauliza, "Mnajuaje kama hewa inaingia, na hamuioni?" Akafungua mkoba wake akatoa mpira wa dripu, ule unaopitisha dawa kwenye mshipa wa ng'ombe, mweupe unaoonekana ndani. Tukaufunga kabla ya pampu, tukawasha. Loh! Mapovu yalipita moja baada ya jingine kama mbuzi wanaokwenda kisimani. Tukauhamisha mpira nyuma hatua kwa hatua, kuelekea tangi, mpaka tukafika mahali ambapo mapovu hayapo. Kati ya hapo na kiungo kilichotangulia palikuwa na ufa mdogo, umejificha chini ya klipu. Haukuvuja hata tone, kwa sababu upande ule pampu inavuta na haisukumi: mafuta hayatoki, hewa ndiyo inaingia. Na kwa kuwa tangi liko nyuma, gari likipanda mlima pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na ndipo ufa unapofungua mdomo. Tulikata kipande chenye urefu wa kidole. Ng'ombe mmoja wa jirani alikosa dripu siku hiyo, lakini naambiwa hakuwa mgonjwa sana.

Kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wapate taabu kama hizi kwa siku moja. Rhino Charge ilianza mwaka 1989 kwa nia njema ya kuchangia uzio wa umeme wa kuuzunguka msitu wa Aberdare na faru wake, uzio uliokamilika 2009 ukiwa na karibu kilomita 400. Kila mwaka huchaguliwa pori, magari yaliyojengwa upya kwa mabomba ya chuma na winchi hupewa saa 10 kufikia vituo 13, na kati ya wanaovifikia vyote mshindi ni yule aliyetembea umbali mfupi kuliko wenzake. Niliposikia sheria hiyo moyo ulinidunda. Umbali mfupi! Nani wa kushindana na Kesho? Baadaye wakanieleza habari ya vituo. Hata hivyo winchi tunayo: vijana sita na kamba ya katani, nayo huendeshwa kwa chai.

Na hapo ndipo penye sifa yake kubwa. Gari zima hupita tu. Hulijui, halikujui, linakuachia vumbi. Kesho haijawahi kumpita mtu. Kwa sababu yake najua ni boma gani lina jeki, na ni mama gani ukimkuta jioni hakuruhusu uondoke bila maziwa. Namjua mzee ambaye tuligombana naye miaka miwili juu ya mbuzi aliyekula mahindi yangu; siku moja Kesho ilikufa mlangoni pake, akaisukuma, na mtu hawezi kulisukuma gari la adui yake hadi mlimani halafu aendelee kuwa adui bila kuonekana mpumbavu. Tembo nao wamezoea kuikuta imesimama. Mmoja alipitisha mkonga ndani ya dirisha, akanusa usukani, akaondoka zake. Aliona hakuna maisha humo.

Kuna usiku mmoja, lakini, sifa hizi ziliniganda mdomoni. Mke wa jirani alishikwa na uchungu saa nane. Wakaja wakanigongea. Nikaingia, nikageuza ufunguo, stata ikasema "tk" mara moja, ikanyamaza. Nikajaribu tena, tk. Baba wa mtoto alisimama pale na tochi, hakusema neno, na ningependa angenitukana. Ikaitwa bodaboda. Mama yule alikwenda hadi mjini usiku ule akiwa katikati, dereva mbele na mama mkwe nyuma amemshikilia, kwenye mawe yale yale. Alijifungua salama alfajiri. Mtoto hakupewa jina la Kesho, ingawa kuna mjinga aliyependekeza.

Asubuhi nilitafuta kosa nikiwa peke yangu, sikumpigia fundi. Tulipofunga injini ile juu ya raba zake, hatukukumbuka kuweka waya mnene wa kuiunganisha na chasisi, na bila waya huo umeme wa stata hauna njia ya kurudi kwenye betri. Ulikuwa umejitafutia: kwa miezi yote ile ulipitia kwenye kebo ya akselereta. Kebo ilikuwa nyeusi, imeungua, plastiki imeyeyuka. Waya wa shilingi mia chache. Nilinunua miwili, nikaifunga yote. Hilo silisifu, na wale wanaotaka kucheka mbele ya baba wa mtoto yule wanakaribishwa kujaribu.

Sasa imebaki klachi. Imekwisha kabisa; ndiyo sababu gari liko juu ya jiwe. Fundi amefika leo kwa bodaboda kutoka Isiolo, klachi mpya mapajani, spana zimefungwa kwa blada. Kwa gari hili giaboksi haitolewi kwa chini. Unaondoa viti, unafungua sakafu, unainyanyua kwa juu, ndani kwa ndani. Akatandika gunia, akapanga spana zake kwa ukubwa, akafungua mlango wa buluu, akainama kufikia kiti cha katikati. Kuku akamtazama. Mama watoto naye, kutoka jikoni, akamtazama.

"Amelalia tangu lini?" fundi akauliza.

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole mpaka ishirini na moja, akaazima cha kwangu kimoja. Kisha akafunga mlango polepole, akaketi kwenye gunia, akauliza kama kuna chai.