Sampuli Yangu ni Mtu Mmoja, na Alishafariki: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Uzamili

Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Masomo ya Uzamili,
Chuo Kikuu (jina mnalijua wenyewe).

YAH: UTEKELEZAJI WA MAELEKEZO YENU KUHUSU ANDIKO LANGU LA UTAFITI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, niliwaletea andiko la falsafa na historia ya elimu lenye swali moja tu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ripoti yake ya 1925 ikashauri mtoto wa Kiafrika afundishwe kilimo, afya na kazi za mikono, mambo yanayolingana na maisha ya kijijini kwao. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, naye akataka shule iwe na shamba. Mwaka 2024 tukaanza mtaala wenye mkondo wa amali. Mara zote tatu mtoto kakabidhiwa kazi ya mikono. Nikauliza: kila aliyemkabidhi alitaka awe mtu wa namna gani?

Mlinisikiliza kwa upole, kisha mkaniuliza sampuli yangu ni watu wangapi.

Naomba kuripoti kwamba nimetekeleza. Kama mlivyoagiza, nimetumia fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ile ambayo bila yake hakuna tasnifu inayotoka mlangoni kwenu. Kwa kuwa ninayetaka kuelewa fikra zake ni Nyerere, jumla ya walengwa ni 1. Nimeweka kosa linaloruhusiwa la asilimia 5, nikakokotoa, na sampuli imekuja 0.9975. Naomba mwongozo wenu: hiyo 0.0025 ya Mwalimu isiyohitajika niipunguze wapi? Pendekezo langu ni tusiguse kichwa.

Dodoso nalo liko tayari, lenye vipengele kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Tatizo liko kwenye fomu ya ridhaa, inayosema mtafitiwa ana hiari ya kujitoa wakati wowote. Wa kwangu alijitoa tarehe 14 Oktoba 1999. Katika andiko langu yupo pia Mumford, Mwingereza aliyeanzisha Shule ya Malangali mwaka 1928 akijaribu kuijenga juu ya mila za wenyeji. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama nimeshapata kibali cha halmashauri cha kumhoji. Bado nafuatilia.

Mliagiza vilevile nisitumie machapisho yaliyozidi miaka 10. Hili nimelitekeleza kwa machozi, maana kwa mtu wa historia ni sawa na kuambiwa apike pilau bila mchele. Ripoti ya 1925 nimeitoa. Elimu ya Kujitegemea nimeitoa, ni ya 1967. Ila nimeona kwamba Yamane, ambaye mnataka atajwe kila sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, naye hutajwa kwa kitabu cha 1967. Kwa hiyo mwaka huo una vitu viwili: fomula, ambayo haijapitwa na wakati, na falsafa ya elimu ya nchi hii, ambayo imepitwa. Nimelipokea hilo kama lilivyo, sitaki ugomvi na wakubwa.

Niruhusuni nieleze kidogo nilichokuwa nakitafuta kabla hamjanisaidia. Katika andiko lake Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao: walime nini, na kinachopatikana kitumikeje. Waliosoma shule zetu wanaijua "EK", yaani hiyo Elimu ya Kujitegemea, kama ilivyowafikia. Kengele inalia mchana, mnapanga mstari na majembe, mwalimu wa zamu anaonyesha kwa fimbo mpaka wa kila mmoja, mnalima. Mahindi yakikomaa, mnayasikia kwa jina. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo aliyechelewa namba alikuwa amepimiwa hatua za kulima peke yake, kwa jembe lile lile, na hiyo ikaitwa adhabu. Sasa, kazi inaweza kuwa somo saa nane mchana na adhabu saa mbili asubuhi, katika shule moja, mtoto asijue ni ipi ya kweli? Na huyu wa mkondo wa amali atakapopelekwa karakana kwa sababu alama zake hazikutosha kwingine, atajua amechaguliwa au amehukumiwa?

Swali kama hilo linajibiwa kwa kusoma na kubishana. Nilisema nitakaa Nyaraka za Taifa, pale Upanga, nipekue mafaili ya idara ya elimu ya wakati wa Waingereza. Mkaangaliana. "Kwa hiyo huyu anakwenda kusoma tu?" Nikatambua kwamba mtafiti wa elimu anayesoma ni jambo la kutia wasiwasi.

Basi nimebadilisha mada. Sasa inaitwa "Mchango wa Shughuli za Shambani katika Ufaulu wa Biolojia kwa Kidato cha Pili: Mfano wa Kata Moja". Pengo la utafiti ni kwamba hakuna aliyewahi kuifanya katika kata hiyo. Mapendekezo nimeshayaandika ili kuokoa muda: serikali iongeze bajeti, walimu wapewe semina, na utafiti zaidi ufanyike katika kata jirani. Data nitaleta baadaye.

Ombi langu ni dogo, na si kwa ajili yangu. Yuko mwenzangu wa mwaka wa kwanza anayetaka kuandika juu ya vyuo vya Kurani vya pwani, vilivyokuwa vikifundisha kusoma kabla Wajerumani hawajafungua shule yao Tanga. Mruhusuni sura yake ya tatu iseme wazi: nitasoma nyaraka, nitajenga hoja. Kisha mpangieni msimamizi aliyesoma historia, mwenye uwezo wa kuzibomoa hoja hizo.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa Uzamili, Idara ya Misingi ya Elimu

Nakala: Msimamizi wangu, ambaye alinionya.