Pikipiki Iliyolala Koridoni

Nyumba yetu ya Makorora, Tanga, imejengwa kwa ramani ile ile ya nyumba nyingi za mji huu: baraza mbele, mlango mkubwa, korido ndefu inayokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba kulia na kushoto. Bibi analala chumba cha kwanza kulia, maana anapenda kujua nani kaingia na nani katoka. Mkabala naye yupo mpangaji wetu, mama mwenye mtoto mchanga. Katikati yao, kila usiku, inalala pikipiki ya mdogo wangu, kwa sababu pikipiki ukiilaza nje asubuhi huikuti.

Aliichukua kwa mkataba. Muda wote wa mkataba alipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, mvua au jua, na siku abiria walipoadimika nyumba nzima ilijibana pamoja naye. Siku kadi ilipobadilishwa ikasoma jina lake, Mama alipika pilau. Yeye akaenda mjini kuipamba mali yake, na hakuna aliyemnyima haki hiyo.

Alirudi nayo magharibi, hatukuitambua. Mbele ina bampa la chuma la kukinga miguu, nyuma keria pana la kubebea magunia, usukani mpana ulioinuka, vioo vya pembeni vyenye shingo ndefu. Ubavuni, mahali pa ekzosi iliyotoka nayo kiwandani, kuna bomba fupi, nene, linalong'aa. Akapiga resi moja pale mbele ya baraza. Kuku wakakimbilia uani, mtoto wa mpangaji akaangua kilio, na Bibi akatoka ameshika ukuta akiuliza kama lori limegonga nyumba.

"Hii ndiyo inayotamba sasa, Bibi."

"Nimeisikia, mume wangu," Bibi akamjibu, maana kwake mjukuu wa kiume ni mume. "Sasa izime."

Balaa lenyewe lilianza alfajiri. Mabasi ya kwanza ya Dar es Salaam yanaondoka stendi ya Kange mapema, na abiria wa saa kumi ndio wenye kulipa bila kubishana. Kwa hiyo aliiwasha koridoni, kama alivyofanya siku zote. Chini saruji, juu bati, kuta pande mbili: sauti haina pa kwenda. Vikombe vya Mama viligongana kabatini, bati likaitikia, mpangaji akatoka na mtoto begani bila hata kujifunga kanga vizuri. Mama akatoa amri siku ile ile: pikipiki itasukumwa kwa mkono hadi barabara kubwa ndipo iwashwe. Mdogo wangu alitii, lakini barabara kubwa nayo ina madirisha ya watu, na usiku akirudi tulimsikia tangu yuko mbali. Haikupita muda mwenyekiti wa mtaa akaja kuketi barazani. Alikunywa kahawa yetu kwa adabu, kisha akatukumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inapogusa kelele, haikuandikiwa viwanda na baa peke yake. Mpangaji alikuwa ameshaanza kuulizia chumba mtaa wa pili.

Ndipo mdogo wangu akanunua stili waya, zile za kusugulia sufuria, akazishindilia ndani ya bomba kwa mpini wa ufagio. Mlio ukapungua kweli, ila pikipiki ikawa nzito na injini ikachemka kuliko kawaida, kwa kuwa moshi ulikosa njia. Jioni aliiingiza uani akapiga resi ya mwisho kabla ya kuzima. Bomba likakohoa, likatema nyuzi za chuma zilizowaka nyekundu. Chuma chembamba namna ile kikipata joto na hewa huungua, na vipande vyake vilikwenda kutua kwenye kamba ya nguo. Kanga ya Bibi, doti aliyoletewa na marehemu babu kutoka Mombasa, ilitoboka katikati ya mji, palepale penye ua.

Bibi hakusema neno. Aliianua kanga, akaikunja, akaiweka juu ya siti ya pikipiki, akaingia chumbani. Mama ndiye aliyepiga simu Muheza, kwa mjomba.

Mjomba wetu amestaafu. Maisha yake ya kazi yaliishia kwenye viwanda vya mkonge, akihudumia korona, ile mashine ya kuparua majani hadi zibaki nyuzi. Aliyezeeka na korona anaijua mitikisiko. Alikuja na bisibisi ndefu, chaki, na kipande cha tyubu ya trekta.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hebu nipe mikono."

Sote tulishangaa. Pikipiki iko pale, na yeye anaminya ncha za vidole vya kijana, kimoja baada ya kingine, akimuuliza kama anahisi. Ndipo Mama akasema alichokuwa amekiona na kukinyamazia: tangu pikipiki ipambwe, mwanawe akirudi jioni anahangaika na vifungo vya shati, na juzi kikombe cha chai kilimponyoka. Mdogo wangu akakiri kwamba vidole vinakufa ganzi akifika Pongwe tu. Mjomba akatueleza kwamba mtikisiko unaopita mikononi kila siku huumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mwanzoni ganzi huja na kuondoka. Baadaye hukaa, na iliyokaa ni vigumu kuiondoa. Nyumba nzima tulikuwa tunagombania masikio yetu, kumbe mwenye pikipiki anapoteza vidole, na ninaandika haya hasa kwa ajili ya vijana wa vijiweni wanaodhani ganzi ile ni uchovu wa kazi.

"Kelele ya pikipiki si moja," Mjomba alisema akivua shati. "Ni nyingi, na kubwa inazificha ndogo. Tunaanza na kubwa."

Alianzia pale bomba linapoungana na kichwa cha silinda. Injini ikiwa baridi, akaiwasha na kusogeza kiganja karibu na kiungo bila kukigusa, na mimi pia nikasogeza changu: upepo wa moshi ulikuwa unanipiga kwa vishindo. Gasketi ya zamani ilirudishwa ilivyo, imeshabanwa na kuharibika umbo. Dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko, hewa huingia kwenye tundu namna hiyo, petroli iliyobaki ikalipuka ndani ya bomba. Ndiyo ile milipuko iliyokuwa inamrusha mtoto wa mpangaji kitandani. Gasketi mpya ni ya bei ndogo sana. Inataka nati zake mbili zikazwe kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule, kisha zirudiwe injini ikishapata moto na kupoa.

Halafu akatoboa ribiti za lile bomba linalong'aa akalifungua. Ndani kuna mrija ulionyooka wenye matundu, na kuuzunguka palipaswa kuwa na pamba ya kioo ya kunyonya sauti. Tulikuta mabaki meusi yasiyojaza kiganja. Ekzosi ya kiwandani hufanya kazi kwa njia nyingine: ina vyumba na kuta, moshi unazungushwa, mawimbi ya sauti yanarudishwa yakagongana yenyewe na kufifia, na injini imepimwa iendane nayo. Mdogo wangu alibisha kwamba bomba la wazi linaongeza nguvu. Mjomba akamuuliza kama Kange anafika mapema zaidi. Kijana akanyamaza.

Ekzosi ya zamani ilikuwa imebaki kwa fundi aliyeibadilisha, naye alishaipachika bei. Tuliinunua mali yetu wenyewe, tena kwa fedha iliyomuuma Mama, maana ilitoka kwenye akiba ya ada.

Ilipofungwa, alfajiri iliyofuata mpangaji hakuamka. Lakini mdogo wangu alirudi mchana amenuna: sasa pikipiki inapiga kelele kila mahali. Keria linalia, bampa linalia, pleti namba inapiga kodo kodo, vioo havionyeshi kitu. Vyote hivyo vilikuwepo tangu siku ya kwanza, bomba lilikuwa linavifunika.

Hapo kazi ikawa tamu. Injini ya bodaboda ina pistoni moja inayopanda na kushuka. Uzito uliowekwa kwenye krenki kuisawazisha hauwezi kumaliza mtikisiko wote, kwa hiyo injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, fremu inasukumwa mara 100 kila sekunde. Na kila chuma kilichofungwa kwenye fremu kina mwendo wake kinaoupenda. Injini ikiufikia, chuma hicho hucheza kupita kiasi, ikiupita kinatulia. Kiwandani walipanga shingo ya kioo, uzito wa keria na upana wa usukani kwa hesabu hiyo. Anayeuza mapambo anapanga kwa macho.

Mjomba alinipandisha mimi nyuma, mdogo wangu mbele, tukaingia barabara ya Segera. Masharti yake: gia ile ile, mwendo ule ule, kipande kile kile cha lami, na jambo moja tu kwa safari moja. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza. Kelele ikianza ninabonyeza kwa kiganja kitu kimoja. Ikikata, tumempata mhusika. Keria lilinyamaza nilipoligandamiza upande wa kushoto, na tuliporudi nyumbani Mjomba akakuta sehemu iliyochomelewa imeshapasuka nywele, ufa mwembamba unaoonekana ukiufuta mafuta tu. Kwa gunia la kilo hamsini keria lingekuja kukatikia barabarani na abiria yuko juu. Fundi wa kuchomelea aliuziba ufa na kuongeza kipande cha chuma cha kukingama, maana chuma kilichokazwa hubadili mwendo wake.

Bampa lilinifundisha zaidi kuliko vyote. Mjomba aliniita nichuchumae, akanielekeza kwenye bolti inayoshika injini. Pembeni mwa nati palikuwa na vumbi laini la rangi ya kutu, na chini ya washa rangi ya fremu imesagika hadi chuma cheupe kinaonekana. "Vyuma viwili vinavyosuguana huandika hivi," alisema. Aliyefunga bampa alifungua bolti ya injini ili apate pa kulishikizia, akairudisha bila springi washa, na kwa kuwa matundu hayakulingana akalivuta bampa kwa nguvu hadi likaingia. Tangu hapo injini ilikuwa inacheza kwenye kitanda chake na kulisukuma bampa. Tulilitoa, tukapanua matundu kwa tupa hadi likakaa bila kulazimishwa.

Mdogo wangu akachukua tyubu ya trekta na mkasi, tayari kuweka raba kila mahali. Mjomba akampokonya. Raba inafaa chini ya keria, chini ya pleti namba, kwenye shingo za taa za pembeni. Bolti ya injini, ekseli, sproketi na breki hukutana chuma kwa chuma na kukazwa barabara, kwa sababu raba hapo hulegea na kuua mtu. Nati zenye plastiki ndani hazilegei ovyo, lakini karibu na ekzosi plastiki huyeyuka. Pale ni springi washa. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu, ili siku ikizunguka mstari uachane. Rangi ilikuwa yangu, nyekundu, na nilimpa chupa nzima.

Cheni ilikuwa imelegea inapiga mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Ikarudishwa kwenye mchezo wa sentimita mbili hadi tatu, ikipimwa pale inapokaza zaidi. Raba za habu ya nyuma zimekwisha, zikaandikwa kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Vioo na usukani ndivyo vilivyoleta machozi. Kijana alivipenda. Shingo ile ndefu, hata ikikazwa vipi, inatikisika ndani ya mwendo anaotembea nao kutwa, na dereva asiyeona nyuma kwenye barabara yenye malori hana biashara barabarani. Vioo vifupi vikarudi. Usukani Mjomba alikubali ubaki, kwa sharti. Ule wa kiwandani ulikuwa na vyuma vizito kwenye ncha, vya kuutuliza; huu mpya ni mrija mtupu. Alikata vipande vya nondo, akavivisha ukanda wa tyubu, akavigongea ndani ya ncha zote mbili hadi vikakaa bila kucheza, kisha akavalisha gripu nene juu. Mdogo wangu alikwenda Pongwe na kurudi. Akaingia, akakaa mkekani, akaanza kufungua vifungo vya shati na kuvifunga tena, Mama akimwangalia.

Hata hivyo, daktari aliyemwona amemwambia apumzishe mikono kila anapopata nafasi, na anapumzisha.

Lile bomba linalong'aa lilibaki uani. Kijana mmoja wa kijiweni alikuja na fedha mkononi, bei nzuri, zaidi ya nusu ya ile ya dukani. Mdogo wangu alikuwa ameshalifuta vumbi.

"Haliuzwi," Mama akasema.

"Mama, ni hela ya ada hiyo."

"Huyo ana jirani mwenye mtoto. Haliuzwi."

Wa chuma chakavu alipopita na mkokoteni wake, Mama alilipeleka mwenyewe kwenye mizani, akasimama hadi akaona limebondwa kwa nyundo. Fedha iliyopatikana haikufika bei ya raba za habu. Bibi akafungua pindo la kanga yake akaongeza zilizopungua.