Ukumbi Wenye Masikio

Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Illinois, na mgeni akimfikia hapelekwi kula, anapelekwa Krannert, kituo cha sanaa za maonyesho cha chuo hicho. Humo ndimo ulimo Foellinger Great Hall, ukumbi wa muziki wenye viti zaidi ya 2,000 na sifa ya sauti iliyowatoa hata Chicago Symphony Orchestra kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaja kurekodi huku kwenye mashamba ya mahindi.

Njiani nilipewa somo nisiloliomba. Jengo lilichorwa na Max Abramovitz, aliyesoma chuo hichohicho, likafunguliwa 1969. Sauti alikabidhiwa Cyril Harris. Bwana huyu hakutaka mbwembwe: ukumbi mrefu, mwembamba, kuta zinatazamana kama boksi la viatu, ili sauti ikigonga ubavuni imrudie msikilizaji upesi, sikio lisishtuke kuwa ni mwangwi. Na pesa? Zilitoka kwa Herman Krannert, tajiri wa kutengeneza maboksi. Nilicheka. Mpwa hakucheka.

Mimi nilipenda zaidi umbea. Abramovitz huyohuyo ndiye aliyechora Philharmonic Hall ya New York, iliyofunguliwa 1962 ikalaumiwa sauti miaka nenda rudi. Mwaka 1976 wakaibomoa ndani na kuijenga upya, na mganga aliyeitwa ni nani? Harris.

Tulipoingia ukumbini mpwa akaninong'oneza: “Mjomba, vua koti. Nguo nzito hunywa sauti.”

Nje theluji, mimi mtu wa Tanga, ananiambia nivue koti kwa ajili ya fidla!

Shida ya ukumbi wa namna hii ni kwamba haubagui. Filimbi ikipulizwa kwa upole jukwaani inafika safu ya nyuma; basi na tumbo lililokosa chakula cha jioni nalo linasafiri. Mama mmoja mbele yangu alifungua pipi ya kikohozi. Aliifungua polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotuua: kila mkunjo wa karatasi ulisikika peke yake. Angeichana mara moja tungemsamehe.

Kwetu kwenye taarabu ukiguswa unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji, unarudi kitini ukicheza. Huku furaha unaimeza, tena taratibu, maana hata kumeza kunasikika.

Sehemu ya kwanza ya muziki ilipokwisha, kabla ya ile ya pili, ukumbi mzima ukakohoa. Wasomi wazima, kumbe walikuwa wameweka akiba! Hapo ndipo nilipompa Harris heshima yake. Vikohozi vilitoka safi, kila kimoja kivyake. Ungeweza kujua kipi ni cha mafua na kipi ni cha sigara.

Tumeshafika garini, mpwa bado ananong'ona: “Mjomba, umeonaje?”

Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya sokoni, saa nne ile ya usiku wali unapatikana wapi.