Mtoto si Posta

Tangu Jumapili, nikienda bombani na ndoo yangu, watoto wa Kawale nzima, mtaa wetu hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wananiita Posta. Jina hili nimepewa na Mama Neema, muuza maharage, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria maishani mwake. Amenishinda kesi mbele ya wazee, mbele ya baba watoto, na mbele ya watu ninaowauzia maandazi kila asubuhi.

Kesi yenyewe ni hii. Mama Neema alimtuma mwanawe aniambie kuna debe la maharage kwa bei ya mwezi uliopita. Nikilitaka nimjulishe kabla ya jioni. Mtoto akakosea nyumba, akapeleka habari kwa somo yangu kule mtaa wa Likuni, akakuta mpira unachezwa, akaucheza. Kunifikia, jua linazama. Nikamrudisha mbio: mwambie mama nalichukua! Kufika, debe limeshauzwa.

Mwingine angesonya akalala. Lakini mimi nasomea sheria, na usiku ule zamu ilikuwa ya kesi ya Adams na Lindsell.

Hebu nikueleze, kwani hakuna maharage yatakayokuwa matamu hivi. Tarehe 2 Septemba 1817 akina Lindsell, wauza sufu, waliwaandikia akina Adams wa Bromsgrove: tunawauzia sufu, tupeni jibu kwa posta. Anwani wakaikosea, barua ikaenda kutalii Leicestershire, ikafika tarehe 5 jioni. Jioni ileile akina Adams wakajibu kwamba wamekubali. Lindsell walitegemea jibu tarehe 7. Tarehe 8 hawajaona kitu, wakamuuzia mtu mwingine. Tarehe 9 barua ya kukubali ikabisha hodi. Mwaka 1818 majaji wakaamua: mkataba ulifungwa pale barua ya kukubali ilipotiwa posta. Yaani Lindsell anakula chakula chake kwa amani, hajui lolote, kumbe ameshafungwa! Na sababu ya majaji ni tamu zaidi: kama Lindsell hafungwi mpaka apate jibu, basi na Adams naye asifungwe mpaka ajue kwamba jibu lake limepokewa, na Lindsell naye mpaka ajue kwamba Adams amejua, na barua zingepishana njiani hadi Kiyama.

Wala hawakuishia hapo. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimbana Bwana Grant alipie hisa za kampuni iliyokwisha kufilisika. Aliziomba, kampuni ikakubali kwa barua, na barua ikapotelea njiani moja kwa moja. Hakuiona mpaka leo. Alipe! Nilicheka peke yangu kwenye mwanga wa simu mpaka kitoto kikaamka kikataka uji.

Basi Jumapili nikapeleka hoja barazani. Nimekubali, nimetuma, mkataba upo. Na aliyekosea anwani ni upande wa muuzaji, kama kule Bromsgrove. Wazee walinisikiliza kwa heshima. Mmoja aliuliza kama huyo Lindsell yupo hapa kambini au bado anasubiri kuandikishwa.

Mama Neema akakunja kitenge chake. "Mama Baraka, hao wazungu walimtuma nani?"

"Posta, Mama Neema."

"Na mimi nikamtuma nani?"

"Mtoto."

"Mtoto si posta."

Kikao kikaisha kwa vicheko. Usiku nikafungua sura iliyofuata nitafute rufaa, nikamkuta Jaji Denning, kesi ya Entores, mwaka 1955. Anasema mtu akipaza sauti kukubali kutoka ng'ambo ya mto, ndege ikapita juu na kuimeza sauti yake, hakuna mkataba. Angoje ndege ipite, arudie. Mama Neema alikuwa na Denning upande wake bila kuhitaji bando.

Mengine ni madogo. Maandazi yaliungua siku niliyosoma kesi ya konokono ndani ya chupa ya Bi. Donoghue. Orodha ya wadeni wangu ilikwenda chuoni mahali pa insha, ikarudi na maoni kwamba haina hitimisho.

Kilichoniondolea kicheko ni Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Malawi ilijiunga nao Desemba 1987 na kuambatanisha masharti. Ibara ya 19, inayohusu wakimbizi wenye shahada wanaotaka kufanya kazi za taaluma, uwakili ukiwemo: inachukuliwa kuwa pendekezo tu. Ibara ya 22, elimu: pendekezo tu. Ya 26, ya kutembea: serikali imejiwekea haki ya kuchagua mahali pa kukaa mkimbizi. Hapo ndipo Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000, inapoendelea kumeza watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 amri ilipotoka kwamba wakimbizi wa mijini warudi kambini, jirani yangu alirudi kutoka Lilongwe na mbao za rafu za duka lake. Aliniuliza sheria inasemaje. Nikamsomea. Akasema, "Kwa hiyo walikubali, halafu palepale wakasema hawajakubali?" Kwa maneno machache kuliko kitabu changu, na bila kulipa ada. Mimi ada nalipa, tena kwa pesa ya maandazi, nisomee taaluma ambayo hapa ni pendekezo.

Mtihani ni Lilongwe, mwezi ujao. Ili nipate kibali cha kutoka kambini natakiwa kuonyesha barua ya chuo kwamba jina langu limo. Chuo nacho hakiliingizi jina mpaka nithibitishe kwamba nitaruhusiwa kutoka. Nimeziandikia pande zote mbili, ya kibali na ya chuo, usiku mmoja. Upande mmoja umejibu kwamba unasubiri jibu la upande wa pili.